Kinu cha Kupandia Gari

Barabara ya kutoka Wete hadi Chake Chake ina lami. Nalitaja hilo mapema asije mtu akasema Masoud alikuwa hana habari. Masoud huipita kila siku ya Mungu na pikapu yake ya milango minne, kapakia saruji ya watu, na hajawahi kukwama hata mara moja. Shimo kubwa analolijua ni lile la mlangoni kwao, Jadida, ambalo alilichimba mwenyewe akitafuta bomba la maji na mpaka siku zile alikuwa hajalifukia.

Mtu huyo ndiye aliyeamua kwamba gari yake iko chini mno.

"Ikija masika," akamwambia mamake, Bi Mwanamize, "mie ntapita kila pahala."

"Kila pahala wapi?"

"Kila pahala, mama."

Bi Mwanamize alikuwa akichambua mchicha, akaendelea kuchambua. Amelea wanaume watatu na anapajua hapo pahala palipo. Ni mbele ya baraza ya rafiki zao, na hapana tope.

Rafiki mkuu alikuwa Hudhaifa, fundi wa mafriji. Ukimpelekea friji lisilogandisha, atakurudishia linalogandisha mpaka nyanya. Elimu ya magari hakuwa nayo, ila alikuwa na bando la intaneti, na siku hizi watu wengi hawaoni tofauti. Yeye ndiye aliyemwonesha Masoud video ya jamaa mmoja, sijui wa nchi gani, akiinyanyua pikapu yake nyuma ya nyumba kwa dakika kumi na moja, huku akipiga mluzi.

"Yakhe, dakika kumi na moja!" Hudhaifa akasema. "Siye tuko wawili. Tutatumia sita."

Sasa ujue kilichokuwa mbele ya Masoud siku zile, maana masika ilisingiziwa tu. Masoud alikuwa akimtaka Khairat, binti wa Bi Rahila wa Madungu, mwalimu wa hesabu. Walijuana alipopeleka saruji ya ukuta nyumbani kwao. Ukuta ulikwisha, mazungumzo yakaendelea miaka miwili. Hatimaye Bi Rahila alikubali kuwapokea wanawake wa upande wa Masoud Ijumaa baada ya alasiri. Katika nyumba zao wanawake ndio hutangulia kutia neno. Wakipokewa vyema, wanaume hufuata kulifunga. Wakirudi na uso baridi, basi tena. Na Bi Rahila hakuficha: Gombani kulikuwa na kijana mwengine, jamaa yao, mwenye kazi nzuri na adabu nzuri, na mlango wake yeye haupokei ujumbe mmoja mara mbili.

Mwenye akili zake angenunua shati. Masoud akaagiza vyuma vya kuinyanyulia gari.

"Inchi ngapi?" Khairat alimwandikia kwenye simu.

"Sita. Na matairi makubwa, inazidi."

"Na mamako atapandaje?"

Masoud akapeleka kile kikaragosi cha kucheka mpaka machozi. Aliona ni mzaha. Mwalimu wa hesabu akikuuliza swali, ndugu yangu, ujue anataka jibu.

Vifaa vilishuka na meli kutoka Dar es Salaam katika boksi zito: springi ndefu za mbele, shokapu nne, vipande vya chuma vya kuinulia springi za nyuma, na mfuko wa nati na boliti. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelekezo vilevile, imeandikwa kwa maandishi ya Kichina, na michoro. Hudhaifa aliitazama kwa heshima kidogo, kisha akaanza kujipepea nayo.

Kazi ilianza Jumatano asubuhi, chini ya mfenesi, uani. Saa nne jeki ilikuwa imezama ardhini nusu yake, maana yule jamaa wa kwenye video alikuwa juu ya sakafu, na hawa walikuwa juu ya udongo uliomwagiwa maji ya kufulia miaka thelathini. Wakatia tofali chini yake, likapasuka. Wakatia gogo la mnazi, likakubali. Saa sita springi moja ya mbele iliwaponyoka, ikaruka hewani, ikaangusha fenesi bichi la kilo kumi pale alipokuwa amesimama Hudhaifa sekunde mbili kabla.

"Umeona?" Hudhaifa akasema. "Springi ina nguvu hino."

Dakika sita zikawa siku mbili. Paipu za breki zilionekana fupi kwa gari iliyonyanyuliwa, na hapo Masoud, lazima tumpe haki yake, alikwenda akanunua ndefu, kwa kuwa hata ujinga una mpaka wake. Springi na shokapu za zamani Hudhaifa alitaka kuzipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bi Mwanamize alitoka jikoni na gunia tupu mkononi.

"Vitieni humu," akasema.

"Vya nini, mama? Vishapitwa na wakati."

"Vitieni."

Wakavitia, naye akalikokota gunia mpaka nyuma ya banda la kuku, akalifunika na bati. Masoud alimcheka. Kukaa na vitu vibovu, alisema, ndiyo maradhi ya wazee.

Alhamisi kabla ya magharibi pikapu ilisimama kwa miguu yake, na mtaa ukaja kuangalia. Hapana ubishi, ilikuwa ndefu. Paka mzima alipita chini yake mkia umesimama. Mzee mmoja aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akauliza kwa huruma ya kweli kama gari imefura miguu. Wapakiaji wa saruji nao wakaitazama, wakatazamana, wakasema kuanzia Jumamosi watataka mtu wa tatu. Masoud alisikia yote hayo kama sifa. Usiku ule alilala mtu mrefu.

Ijumaa, watu wametoka alasiri na baraza ya mkabala imejaa wanaume, wajumbe wakatoka ndani. Alikuwepo Bi Mwanamize na buibui lake jipya. Alikuwepo shangazi Moza, dada wa baba, kabeba sinia la halua lililofunikwa kawa. Na alikuwepo Bi Duni, jirani wa ubavuni, ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wa ujumbe. Bi Duni ameshaposa nyumba kumi na nane, Wete nzima na Chake, na hajapata kurudi na jawabu baya. Ana maneno matamu, sauti nzito, na mwili unaolingana na sauti.

Masoud alifungua mlango wa gari. Kizingiti chake kilikuwa usawa wa nyonga ya mamake.

Hapo ndipo swali la mwalimu lilipomrudia, halina kikaragosi.

Bi Mwanamize alinyanyua mguu, ukafika nusu ya safari, akaushusha. Magoti yake yanamuuma tangu mwaka juzi. Gari ile, ilipokuwa ya kawaida, aliingia kwa kukaa kwanza na kugeuza miguu baadaye, kama mtu anayekaa kitandani. Alijaribu mguu wa pili. Barazani watu wakajifanya hawatazami.

"Subiri, mama," Masoud akasema, akambeba.

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililomchoma. Siku zote alimjua mamake kuwa mtu mzito, mwenye mikono ya kutwanga na kuchota, na sasa kamnyanyua bila ya kukaza hata tumbo, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, naye kafumba macho kwa haya, kashika mtandio usimponyoke. Masoud alimweka kitini. Aliona aibu, akafanya haraka.

Shangazi Moza naye akabebwa, akipiga kelele "Halua! Halua!" njia nzima. Akabaki Bi Duni.

Bi Duni alimtazama Masoud, na Masoud akatazama chini. Mama ni mama, na shangazi ni shangazi. Lakini Bi Duni hakumzaa, hakuzaliwa pamoja na babake, wala hakumnyonyesha hata siku moja alipokuwa mchanga, ingawa kwa wakati ule kila mtu pale alitamani angekuwa alimnyonyesha. Kumgusa haijuzu. Na tuseme ingejuzu: asingemweza.

"Masoud," Bi Duni akasema kwa utulivu, "nenda kwangu, kaniletee kinu."

"Kinu, Bi Duni?"

"Kinu. Mchi uwache."

Kikaletwa kinu cha mti, kizito, cheusi kwa miaka, kikafudikizwa chini ya mlango wa gari. Bi Duni alisema Bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akapanda. Kinu kilididimia kidogo ardhini, lakini hakikulalamika.

"Kipakieni," akasema alipokwisha kukaa. "Kwenda kuna kurudi. Na mnijue: nikimuazima mtu chombo changu, hakirudi kitupu, hurudi na kitu ndani." Wanawake wakacheka, na Masoud akashukuru kwamba kuna anayecheka.

Njiani pikapu iliyumba kwenye kila kona. Shangazi Moza alisoma ayatul-kursi mara nne kabla ya kufika nusu ya safari. Masoud alishika usukani. Kutoka kule juu aliona mapaa ya nyumba za watu na vitu vyote walivyovisahau juu yake.

Madungu walipokelewa vizuri, na hapo ndipo palipoharibika. Masoud alikiteremsha kinu, Bi Duni akakishukia, mama na shangazi wakabebwa tena. Mlango ulifunguliwa na Samiha, mdogo wake Bi Rahila, mwanamke mwenye adabu kupita kiasi. Samiha alimpokea shangazi Moza sinia la halua. Kisha akakiona kinu kimesimama pale chini. Mgeni kaja na kitu, kitu hakiachwi nje. Huo ndio ustaarabu. Samiha akakikumbatia kinu, akakiingiza ndani.

Ungesema nini? "Samahani, hicho ni ngazi yetu"? Kusema hivyo ni kusema kwamba bwana harusi kampandisha mamake na wazee wake garini kwa vyombo vya jikoni. Wajumbe wakatazamana, wakakifuata kinu ndani, na mlango ukafungwa.

Mposaji haingii siku hiyo. Masoud alirudi kwenye gari, akakaa, na simu ikalia.

"Kinu cha nini?" aliandika Khairat, aliyekuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili.

Masoud akaandika, akafuta.

"Kimewekwa katikati ya mkeka. Pembeni ya halua."

Akaandika tena, akafuta tena.

"Mama anakitazama."

"Bi Duni anasema kinu ni baraka ya nyumba."

Masoud alifumba macho. Nyumba kumi na nane, na leo Bi Duni anakisifu kinu.

"Mama kasema: jawabu hatujatoa, na kutwanga kumeshaletwa."

"Kasema yule wa Gombani alileta maua."

"Masoud. Mie nnasomesha watoto mia moja na ishirini, nyumbani nna mashine ya kusagia. Kinu cha nini?"

Hapa palitakiwa maneno saba tu: nimeinyanyua gari, wazee wakashindwa kupanda, ndiyo kinu. Hudhaifa angeyaandika huku anakula. Masoud aliyaandika yote, akayasoma, akaona yanavyomdogosha, akayafuta. Badala yake akaandika: "Ntakueleza." Halafu akakaa pale, juu kuliko watu wote wa Madungu, akiogopa simu yake mwenyewe.

Muda ulipita. Masoud alihesabu matofali ya ukuta alioupelekea saruji, na alipofika sitini na mbili simu ikalia.

"Mamako kasema."

"Kasemaje?"

Akarudia kuuliza.

"Khairat, kasemaje?"

"Bi Duni kakatwa maneno. Mamako kasema: Bi Rahila, tusikuzungushe, kinu hichi ni cha kupandia gari. Mwanangu kainyanyua gari, mie kanisahau chini."

Masoud aliyasoma maneno yale mara tatu. Alitafuta ndani yake hasira ya mamake, angalau apate kujitetea, asiione. Mamake hasemi kwa hasira. Alikuwa kaeleza tu kinu ni cha nini.

"Mama yako kafanyaje?" akauliza.

"Kacheka. Kisha kanyanyuka, anakuja huko."

Mlango ulifunguliwa. Wanawake walitoka mmoja mmoja, wakiagana kwa mikono na dua ndefu. Nyuma yao alitoka Bi Rahila mwenyewe, mfupi, mwembamba, akaja mpaka ubavuni mwa pikapu. Ilimbidi anyanyue kidevu. Masoud aliruka chini haraka hata akajikwaa.

"Shikamoo, Bi Rahila."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Gari nzuri."

"Ahsante, Bi Rahila."

"Mie mtoto wangu nnaye mmoja. Akija kwako atakuwa mzito wa mimba, atakuwa mgonjwa, atazeeka. Nnatizama hino gari, nnajiuliza atapandia nini." Hakupaza sauti hata kidogo. "Kinu kinabaki kwangu. Siku gari yako itakayompakia mamako bila ya kinu, njooni mkichukue. Jawabu lenu liko pamoja nacho."

"Ndiyo, Bi Rahila."

"Na hawa hawarudi juu huko. Samiha kashaita teksi."

Teksi ilikuwa tayari ukutani, kigari kidogo cheupe kilichochoka, tumbo karibu ligonge chini, cha aina ile ile ambayo Masoud na Hudhaifa huiita sahani. Bi Mwanamize alifungua mlango mwenyewe. Alikaa, akageuza miguu, akafunga. Bi Duni aliingia bila ya kuomba chochote kwa mtu yeyote. Shangazi Moza alilishusha dirisha, akampungia Masoud mkono kama mtu anayesafiri kwenda Hija.

Masoud akafuata nyuma na pikapu tupu.

Mpaka wanatoka mjini aliendelea kujitetea kimoyomoyo. Masika itakuja. Wataona. Lakini penye kona ya kwanza teksi ilipunguza mwendo, na yeye akasogea karibu, akataka amwone mamake, kakaa vipi, kama magoti yamemtulia. Hakuona kitu. Aliona boneti yake, na mbele ya boneti lami. Teksi nzima ilikuwa imepotea chini ya pua ya gari yake, na mamake humo ndani. Masoud alikanyaga breki kwa woga, akaiacha teksi iende mbele, mbali, mpaka ikatokea. Kichwa cha mamake kilionekana kidogo sana nyuma ya kioo. Akalia, kijana wa miaka ishirini na tisa, na kwa bahati hakuna aliyemwona, maana alikuwa juu mno.

Jumamosi asubuhi Hudhaifa alifika akakuta jeki imeshawekwa juu ya gogo la mnazi.

"Unafanya nini, yakhe?"

"Nashusha."

"Ntafute video?"

"Usitafute."

Springi za zamani zilikuwa nyuma ya banda la kuku, kwenye gunia, chini ya bati. Bi Mwanamize alikuwa kazipaka mafuta ya nazi zisishike kutu. Masoud alilifungua gunia, akaona zinavyong'aa, akamtazama mamake aliyekuwa akianua nguo upande wa pili wa ua. Mamake hakugeuka.

"Mama," akasema, "nisamehe."

"Nshakusamehe tangu Ijumaa," Bi Mwanamize akasema, akikunja shuka. "Kaza nati vizuri."

Kushusha kulichukua siku mbili vilevile. Fenesi la pili halikuanguka. Wapakiaji wa saruji walipopita walisema afadhali, Hudhaifa akasema aibu, na mzee wa juzi akaizunguka gari tena, mikono nyuma, akamshukuru Mungu kwamba uvimbe umepungua. Kabla ya alasiri ya Jumapili Masoud aliosha mikono, akachukua sepetu, akalifukia na lile shimo la mlangoni, maana gari sasa isingelivuka.

Bi Mwanamize alitoka na buibui lake. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akageuza miguu. Masoud alimpiga picha vile vile alivyo, kakaa, na kandambili moja bado iko nje ya mlango, akampelekea Khairat bila ya neno hata moja.

Jibu lilichelewa kiasi cha mtu kutoka chumba cha pili hadi jikoni kwa mamake na kurudi.

"Mama kasema njooni leo, na Bi Duni wenu," aliandika Khairat. "Kasema chombo cha watu hakirudi kitupu."

Masoud aliisoma kwa sauti.

"Kamwite Duni," Bi Mwanamize akasema, akivuta mkanda wa kiti. "Na mwambie apande mwenyewe."